Kutu ya Kilembe na Kipimo cha Fuwele

Mgodi wa Kilembe, ulio katika bonde la Mto Nyamwamba juu ya mji wa Kasese, ulianza kutoa shaba mwaka 1956, na masalia yake yangali yakisumbua maji, kwa kuwa mbale yake ilikuwa na pairiti, yaani madini ya chuma na salfa, ambayo yakipatwa na hewa na maji huzaa tindikali inayoyeyusha chuma, shaba na kobalti. Maji yaliyotiririka kutoka kwenye lundo la pairiti lililorundikwa Kasese yaliua majani ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth.

Tindikali hiyo inapofifia, chuma kilichoyeyuka hujitenga na maji kikawa tope la rangi ya chungwa, na sehemu kubwa ya tope hilo huwa ni ferihidraiti, aina ya kutu ambayo chembe zake zina upana wa nanomita chache tu, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Udogo huo ndio nguvu yake: gramu moja huweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 200, karibu nusu ya uwanja wa mpira wa kikapu, na juu ya uso huo shaba hunasa.

Lakini ferihidraiti haidumu. Polepole hugeuka kuwa gothaiti au hematiti, ambazo ni fuwele, yaani madini yenye atomi zilizopangika kwa safu, na kadiri fuwele zinavyokua ndivyo uso unavyopungua. Ukuaji huo hupimwa kwa kuchota tope kila baada ya muda na kulimulika kwa eksirei: fuwele ndogo hutoa mistari mipana, kubwa hutoa myembamba, na kanuni ya Paul Scherrer ya mwaka 1918 hugeuza upana huo kuwa ukubwa. Mwaka 2012 watafiti nchini Marekani walionyesha kwa hadubini ya elektroni, ndani ya maji yenyewe, jambo la kustaajabisha: chembe mbili hujizungusha hadi safu za atomi zao zilingane, kisha hurukiana na kuungana.

Katika mageuzi hayo, shaba na kobalti hufungiwa ndani ya fuwele au hurudishwa majini. Kwa hiyo anayepima maji ya Nyamwamba bila kulipima tope lililo chini yake ameiacha nusu ya kazi mtoni.