Betri Kufa Gari Likiwa Limelala

Pikapu inayolala majuma mawili huko Usoke wakati wa mvua huenda isiwake asubuhi ya safari ya Tabora. Betri hulaumiwa. Mara nyingi mwizi ni kifaa kilichoongezwa baadaye: redio, king'ora au, kwa magari ya kasi, kidhibiti cha valvu ya bomba la moshi, ambacho waya wake umefungwa moja kwa moja kwenye betri.

Hebu tufanye hesabu. Betri ya ampea-saa 60 ikinyonywa robo ya ampea tu huisha kwa saa 240, yaani siku 10. Nayo hushindwa kuzungusha injini mapema zaidi. Tena, betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu, salfeti huganda kwenye bamba zake, isipokee tena chaji kamili.

Zima gari, fungua waya wa hasi, unganisha ampea-mita kati yake na betri. Kifaa cha kuongezwa huenda hakipiti kwenye kisanduku cha fyuzi, basi anza kwa kung'oa waya wake. Mkondo ukishuka, mwizi amepatikana. (Usiwashe injini mita ikiwa hapo, itaungua.) Kisha upitishe waya huo, pamoja na fyuzi yake, kwenye swichi ya funguo. King'ora, ambacho kazi yake ni kukesha, hakitibiki hivyo: gari likilala muda mrefu, mwenyewe achague kati yake na betri.