Kanyabayonga: nani aamue kuhusu barabara, soko na viwanja?

Sheria inaipa komini ya Kanyabayonga, kusini mwa teritwari ya Lubero, baraza la kuamua kuhusu barabara zake, soko, maegesho ya magari na mifereji ya maji. Lakini washauri wa baraza hilo hawajachaguliwa.

Ni sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inayotaka kila komini iwe na washauri waliochaguliwa, pamoja na burgmestri na wasaidizi wake. Desemba 2023, uchaguzi wa washauri ulipangwa tu katika miji mikuu ya majimbo. Katika Kivu ya Kaskazini, zamu ilikuwa ya Goma; Butembo, Beni na Kanyabayonga zilibaki nje. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23.

Kwa mama anayeuza ndizi kando ya barabara ya taifa namba 2, ile ya Goma–Butembo inayopita hapo, jambo hili linagusa sufuria ya nyumbani. Soko likihamishwa au njia ikifungwa, wateja wanapotea.

Mwenye nyumba naye ana hofu yake. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya serikali. Mkaaji hupewa haki ya kuitumia. Asiye na cheti cha kiwanja ana kinga ndogo barabara ikipanuliwa.

Katika baraza, amri kama hizo zingejadiliwa kwanza, na mkaaji angejua mlango wa kubisha.