Picha ya Mkate Iwe Shahidi wa Kweli

Wakulima wa skimu, wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Neno hili ni kweli sokoni, ambako mnunuzi huuona mkate, huunusa na kuubonyeza kwa kidole. Lakini siku hizi mwenye hoteli wa Awendo au Rongo huagiza kwa simu, wala hafiki Suna. Yeye ana picha tu. Basi picha ndiyo inayosimama mahali pa mkate wako.

Jambo hili lawafaa sana ninyi mnaolima viazi vitamu. Viazi vikichimbwa havikai siku nyingi, na watu wote wakivuna pamoja bei huanguka. Viazi vya rangi ya chungwa, vikichemshwa na kupondwa, huchanganywa na unga wa ngano vikatoa mkate mzuri. Mwaka 2015 mkate wa namna hiyo ulianza kuuzwa katika maduka ya Tuskys, na viazi vyake vilivyopondwa vilitoka Homa Bay. Lakini mkate nao huota ukungu upesi. Mwenye picha nzuri hupata maagizo kwanza, ndipo awashe moto. Haoki kwa kubahatisha.

Fuata mashauri haya:

1. Safisha simu. Mkono wa mwokaji una mafuta na unga. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kikavu, la sivyo picha itakuwa kama ya siku ya ukungu.

2. Chagua mwangaza. Suna iko karibu na ikweta, na saa sita mchana jua huwa utosini na vivuli huwa vikali. Yafaa kazi hii ifanywe saa tatu asubuhi, ndani ya nyumba, karibu na dirisha au mlango. Mwangaza uje kutoka ubavuni, ndipo uso wa mkate uonekane vema. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwangaza. Zima taa ya umeme, kwani hugeuza rangi. Taa ya simu nayo usiitumie. Humulika kutoka mbele, na mkate huonekana bapa.

3. Tayarisha mkate. Uache upoe kabla ya kuukata. Ukikatwa ungali moto, sehemu ya ndani hubonyea ikaonekana kama haikuiva. Kata vipande viwili, sehemu iliyobaki iache nzima. Weka juu ya kitambaa safi cha rangi moja, na uondoe sufuria na vyombo vingine nyuma yake.

4. Onyesha ukubwa wake. Usisogee karibu mno, maana kamera ya simu hukuza kilicho mbele. Rudi nyuma kidogo, kisha gusa kioo cha simu mahali ulipo mkate ili kamera iulenge. Weka kikombe cha chai kando, mnunuzi apate kipimo.

Sasa jihadharini. Wako watu wanaotuma picha ya mkate wa mwokaji mwingine, au kuongeza rangi katika simu. Tuseme umeagizwa mikate 20 kwa shilingi 60 mmoja. Hiyo ni shilingi 1,200. Mnunuzi akiona haifanani na picha, atairudisha. Utapoteza unga, kuni, na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, na mnunuzi huyo hatakuagiza tena. Tena Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 yakataza kumwelezea mnunuzi bidhaa kwa uongo. Na mkate uliofungwa kwa kuuzwa madukani hauna budi kuwa na alama ya Shirika la Viwango, KEBS, hata picha yake iwe nzuri namna gani.

Pamoja na picha andika bei, uzito, na siku utakayooka. Ukibadilisha unga au chombo cha kuokea, piga picha nyingine. Mkate utakaofika Rongo uwe ndio ule ule uliotangulia kwa picha.