Norwei: Samaki aishiye bila nguzo moja ya kinga ya mwili

Torski, samaki ambaye kwa karne nyingi amewapa riziki wavuvi wa kaskazini mwa Norwei, amepungukiwa na sehemu ya kinga ya mwili ambayo binadamu huitegemea. Jambo hilo lilibainika mwaka 2011, wakati wanasayansi wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo walipochapisha ramani ya jeni zake.

Kinga ya mwili ina ngazi mbili. Ya kwanza ni ya asili: ngozi, ute, na chembe za damu zinazomeza vijidudu. Ya pili hujifunza. Hukitambua kijidudu fulani, hutengeneza kingamwili za kukikabili na kukikumbuka kinaporudi. Chanjo hujengwa juu ya kumbukumbu hiyo.

Torski amepoteza jeni ziitwazo MHC za daraja la pili, ambazo huonyesha vipande vya bakteria kwa chembe zinazoratibu utengenezaji wa kingamwili. Hata hivyo, samaki huyo hustawi baharini. Jeni zake za MHC za daraja la kwanza ni nyingi kupita kiasi cha kawaida, na baadhi ya vipokezi vya kinga ya asili vimeongezeka pia. Mwaka 2016, uchunguzi wa spishi 66 za samaki ulionyesha kuwa upungufu huo umeenea katika ukoo wake mzima.

Samaki wengine wana njia zao. Papa hutengeneza kingamwili, lakini mwaka 1993 iligunduliwa pia katika mwili wa papa mdogo kemikali inayoua bakteria, iliyopewa jina la skwalamini. Baadhi ya samaki bapa nao wana protini ndogo za kuua vijidudu ndani ya ute wa ngozi.

Kwa wafugaji wa samaki, suala hili si la maabara pekee. Nchini Norwei, chanjo zilipunguza mno matumizi ya dawa za viuavijasumu katika ufugaji wa salmoni. Torski aliyechanjwa huonyesha ongezeko dogo la kingamwili, lakini hukingika dhidi ya vibriosisi, ugonjwa wa bakteria unaoweza kuangamiza samaki vizimbani. Hivyo, anayepima kingamwili peke yake anaweza kuitupa chanjo inayofaa.