Fahamu: Jina Mwana Kupona lilitoka wapi?

Mwanaisha na Mwanahamisi utawakuta pwani nzima. Mwanakupona ni nadra, ingawa mwenye jina hilo ndiye mwanamke maarufu kuliko wote katika ushairi wa Kiswahili.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na Sultani Seyyid Said wa Zanzibar. Mume alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane huyo, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa mawaidha ambao bado unasomwa na kubishaniwa, hasa unapofika kwenye utiifu kwa mume.

Kwa masikio ya bara, mwana ni mtoto. Huko Lamu na Pate, ni jina la heshima la bibi wa kiungwana, mwenzake Bwana. Hata malkia wa Pate wa karne ya 18 aliitwa Mwana Khadija. Heshima hiyo ndiyo iliyoganda kwenye majina kama Mwanaisha. Kupona ni kupata nafuu, au kuokoka: jina lenye dua ndani yake, na kwa maoni yangu ni zuri kuliko mengi yanayochaguliwa siku hizi.