Uteuzi wa Rangi katika Tovuti: Nafasi ya Weupe na Weusi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya upatanisho wa kisarufi ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa kitambaa cheupe, wino mweusi, maua mekundu. Rangi nyinginezo aghalabu huazima majina ya vitu: kijani kutokana na majani, manjano kutokana na bizari ya jina hilo, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa. Jambo hili hutajwa katika somo la sarufi na kuachwa papo hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lina manufaa kwa yeyote anayetwikwa jukumu la kuunda tovuti, kazi ambayo siku hizi haiviepuki hata vyama vya Kiswahili vyuoni.

Weupe na weusi, katika matumizi ya wazungumzaji, hauishii kwenye rangi ya maziwa na ya makaa. Alfajiri nuru inapoanza kutanda husemwa kumekuwa kweupe. Mawingu yaliyobeba mvua huitwa meusi, ingawa jicho likiyatazama vyema litaona kijivu. Weupe, basi, ni wingi wa mwanga, na weusi ni uchache wake. Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka wa 1969, walidai kwamba lugha yenye istilahi tatu tu za msingi za rangi huwa na ya mwanga, ya giza na ya wekundu. Nadharia yao imepingwa kwa hoja nyingi, lakini hiyo si kesi ya kuamuliwa hapa. Linalohusu makala haya ni kwamba anayesoma maandishi kwenye kiwambo cha tarakilishi hutegemea kwanza tofauti hiyo ya mwanga na giza, kabla ya tofauti ya majina ya rangi.

Kiwambo huunda kila rangi kwa kuchanganya mianga mitatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, na kila mmoja hupewa kiwango kuanzia 0 hadi 255. Michanganyiko inayopatikana huzidi milioni 16. Hata hivyo, jicho la binadamu haliipi mianga hiyo uzito sawa. Katika kanuni inayotumiwa kukokotoa mng'ao, kijani huchangia takriban asilimia 72 ya mng'ao wa nyeupe, nyekundu asilimia 21, na buluu asilimia 7 pekee. Hii ndiyo sababu manjano halisi, ambayo ni muungano wa nyekundu na kijani, hukaribia sana kuwa nyeupe, ilhali buluu halisi imo upande wa weusi.

Mwongozo wa ufikivu wa tovuti uliotolewa na shirika la W3C mwezi wa Desemba 2008 uliligeuza jambo hili kuwa hesabu. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na mandharinyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21 kwa 1, ambacho ndicho kilele. Buluu halisi juu ya nyeupe hupata 8.6. Nyekundu halisi juu ya nyeupe hupata 4.0, kwa hivyo haitoshi kwa herufi ndogo. Manjano juu ya nyeupe haifiki hata 1.1. Mbuni aliyechagua manjano na nyeupe amechagua majina mawili ya weupe mmoja, na msomaji anayefungua ukurasa huo kwa simu kwenye jua la mchana hataambulia neno.

Hata hivyo, hesabu pekee haitoshi. Wapo watu ambao macho yao hayatofautishi vyema nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hukadiriwa kuwa asilimia 8, na wanawake ni wachache zaidi. Kwa baadhi yao nyekundu huonekana yenye giza kuliko ilivyo kwa wengine, hivyo maandishi mekundu juu ya nyeusi, ambayo kikokotoo huyapitisha kwa 5.25, huweza kuwazamia. Ichukuliwe kwamba idara fulani inatangaza matokeo ya mtihani: waliofaulu kwa kijani, walioanguka kwa nyekundu, bila neno lolote kando. Mwanafunzi mwenye macho ya namna hiyo ataliona jina lake asijue amefaulu au ameanguka. Huo si upungufu wa macho yake bali wa aliyeubuni ukurasa, maana neno “amefaulu” lingetosha. Vivyo hivyo, kiungo kilichomo ndani ya aya hakina budi kupigiwa mstari, si kupakwa rangi tu.

Mfano mzuri wa kutenganisha rangi unapepea kila siku nchini Kenya. Bendera iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963 ina nyeusi, nyekundu na kijani, na kati yake mna milia myembamba ya nyeupe. Milia hiyo iliwekwa kuashiria amani, lakini pia huzuia nyekundu isimezwe na jirani zake. Mbuni anayeipenda bendera akaandika kwa nyekundu halisi juu ya kijani halisi, huku ameiacha nyeupe nje, atapata uwiano wa 2.9 tu, tena kwa jozi ile ile inayowatatiza wengi.

Njia nyepesi ya kuupima ukurasa ni kuuchapisha kwa printa ya wino mweusi. Kila rangi itarudi kwenye weupe au weusi wake, na neno lisilosomeka karatasini lirejeshwe kwa mbuni kabla ukurasa haujawekwa mtandaoni.