Chanjo ya Ndigana Haimwondoi Kupe

Mfugaji aliyelipia chanjo ya ndigana kali, kisha akaona kupe wangali wamejaa masikioni mwa ng'ombe wake, hudhani ametapeliwa. Si lazima iwe hivyo. Chanjo hiyo humkinga mnyama dhidi ya kimelea kinachoenezwa na kupe. Kupe mwenyewe haimdhuru. Kuogesha kuendelee, kwani kupe huleta pia maradhi mengine ambayo chanjo hiyo haiyazuii.

Chanjo inayomlenga kupe ipo, nayo ilianza kuuzwa Australia na Kuba katika miaka ya 1990. Hutokana na protini ya utumbo wa kupe iitwayo Bm86. Ng'ombe aliyechanjwa hujenga kingamwili. Kupe huzinyonya pamoja na damu, utumbo wake huharibika, na mayai atagayo hupungua. Matokeo yake basi huonekana polepole, kizazi baada ya kizazi. Tena ilitengenezwa kwa ajili ya kupe wa bluu, si yule wa masikioni aenezaye ndigana kali.

Kwa hiyo anayekuuzia "chanjo ya kupe" mwulize ni ipi kati ya hizo. Ile ya ndigana ina vimelea hai: huhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika, huyeyushwa siku ile ile ya kuchanja, na huambatana na sindano ya pili ya oksitetrasaiklini. Iliyokaa rafuni dukani, au inayotolewa bila sindano hiyo ya pili, usiilipie. Kwa iliyotolewa ipasavyo, dai risiti yenye tarehe na namba ya toleo.